Jicho Alilolibakiza

Siku ile bendeji ilipofunguliwa, waliokuwepo ni hawa. Nilikuwepo mimi, mwari wake tangu nilipovunja ungo. Alikuwepo Shali, mwanawe, mwenye duka la masufuria pale Amu, ndiyo Lamu, na nyumba tuliyofikia ni yake. Alikuwepo Bi Fatuma, mke wa Shali. Alikuwepo Mwanajuma, binti yao, kitandani, hajatoka arubaini. Alikuwepo Bi Zena, jirani, ambaye hajaalikwa na mtu, lakini Bi Zena hajapata kusikia jambo kwa watu akakaa kwake. Na alikuwepo muuguzi kutoka bara, jina lake Mwende, aliyekuja na mkoba wake akatuambia tufunge madirisha. Wengine watakaokwambia walikuwepo, hawakuwepo. Walisikia.

Mwenyewe simtaji jina. Wanaonijua watashangaa, kwa kuwa mimi skuli nilipita mlangoni tu, chuo cha Kurani ndiko nilikosoma, lakini jina la mtu halinipotei. Watu wa Siyu, mjini kwetu, nawajua hata wale waliokufa sijaota meno, na mama zao. Huyu alinikataza, na sababu yake nitaisema ikifika. Nitamwita somo, maana ndivyo alivyokuwa kwangu: ndiye aliyenifunza utu uzima, akanifukiza udi, akakaa nami siku za fungate, akanionyesha namna ya kumnyamazia mume na namna ya kutomnyamazia.

Siyu nzima hapakuwa na kinywa kama chake. Alikuwa akiosha maiti wa kike, na maji ya mtu aliyeugua ugonjwa wa kutisha hayakumrudisha nyuma. Siku moja alikuja mwanamume mmoja wa serikali, mzaliwa wa papa hapa, akasimama uani kwake kufoka kwa ajili ya takataka. Somo alimwacha amalize. Kisha akamwambia, "Wewe nilikupokea siku ulipozaliwa, na mimi ndiye niliyemwosha mama yako. Mwanzo nilikuwepo na mwisho nilikuwepo. Hapo katikati, baba, nisikilize na mimi."

Nyoka alimuua kwa mchi. Majini aliyaamrisha yatoke kwenye nyumba za watu kama mtu anayefukuza kuku. Mwanamke huyo huyo, jua likishazama, hakuthubutu kutandika mkeka mahali pasipo paa.

Alitembea ameinama. Watu walidhani ni haya. Mumewe, Bwana Kombo, Mungu amrehemu, alikuwa akijisifu kwa wenzake barazani: "Mke wangu hainui uso njiani." Na wenzake wakawaambia wake zao, tazameni adabu ile. Nami nilifunzwa niinamishe kichwa kama yeye, nikainamisha miaka, mpaka siku niliyojua kwamba haikuwa adabu. Alikuwa akiiogopa mbingu.

Aliniambia mwenyewe, tukishona kofia. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya mkono, kofia za kiume zile za kutobolewa vitundu vidogo vidogo na kuzungushiwa uzi mpaka kila kitundu kiwe ua. Alikuwa na desturi ya kuiinua kofia kwenye mwanga wa mlango aone kama vitundu vimekaa sawa. Mwanga ukapenya, uso wake ukajaa vidoa vya nuru. Nikamwambia, mimi mjinga, "Somo, kama nyota."

Akaitupa kofia mkekani kama imemchoma.

"Usiniambie hivyo tena," akasema. Kisha, baada ya kushona na kufumua na kushona tena, akanieleza. Alipokuwa msichana alikwenda shambani na shangazi zake kulinda mtama, wakati nguruwe wanaingia. Walilala juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kulindia. Shangazi walisinzia, yeye akabaki chali, macho juu, hapakuwa na mwezi. Mwanzo aliona raha. Halafu akaona zile nyota hazilingani, nyingine ziko karibu na nyingine ziko nyuma yake, na nyuma ya hizo nyingine, na nyuma yake tena. Mgongo wake ukaacha kuhisi miti. Akajiona hayuko chini ya dari, bali yuko ukingoni mwa kisima, na kisima kiko mbele ya uso wake.

"Nilishika kamba za dungu," alisema, "nisije nikaanguka yuu."

"Mtu huanguka juu?"

"Mimi nilikuwa naanguka. Walinikuta asubuhi vidole havifunguki."

Tangu siku hiyo hakulala nje. Alipoolewa alimwambia Bwana Kombo aezeke ule ua wa ndani ya nyumba, ambao nyumba zetu zote zinauacha wazi upate hewa na mwanga. Bwana Kombo alisema hata jela ina uwanja. Akaezeka lakini, kwa sababu alimpenda, na nyumba ikawa giza na joto mpaka paka walihama.

Alikuwa na msemo wake, sijausikia kwa mwingine: "Kisicho na pindo hakivaliki." Akiona mtu mwenye tamaa, husema hivyo. Akiona ugomvi usioisha, husema hivyo. Watu walicheka, wakasema ni maneno ya mshona kofia. Nami nilijua anasema nini. Kila kitu alichokishika alikitafutia pindo, mahali kinapokomea. Alitaka kujua bahari inaishia wapi, akaambiwa Uhindi, akatulia. Alitaka kujua nchi inaishia wapi, akaambiwa inazunguka inarudi, akatulia nusu. Juu hakuna aliyemwambia.

Alimwendea Mwalimu wa chuo, mzee aliyewasomesha hata watoto wake. Nilikuwa nimemsindikiza, tumesimama nje ya mlango na buibui zetu.

"Mwalimu, mbingu ni saba."

"Ni saba, Bi."

"Hii ya kwanza yaanzia wapi?"

Mwalimu akasafisha koo. Akasema mbingu ya dunia imepambwa kwa taa, na mja hatakiwi kupekua sana, anatakiwa kuamini.

"Naamini, Mwalimu," akasema somo. "Ningekuwa siamini ningelala nje."

Mwalimu akamsomea dua, na somo alirudi nyumbani mikono yake ikipapasa ukuta njia nzima, mchana mweupe. Mchana, alikuwa akisema, Mungu ameshusha pazia. Lakini mtu akishajua kilichoko nyuma ya pazia, pazia halimsaidii sana.

Nitasema na haya, maana si haki nimwonyeshe yeye tu. Hofu ile iliniambukiza. Sikuwa nayo kabla ya siku ya kofia. Nilikuwa nalala uani na wanangu wakati wa kaskazi, tukihesabu nyota za Kilimia, nikiwaonyesha ile nyota ya Suheli. Baada ya siku ile nikawa nageuka ubavu. Mume wangu aliuliza nina nini, nikasema mbu.

Mwanajuma alipokuwa akisomea ualimu Mombasa, alirudi likizo na simu yenye picha. Akamkalisha bibi yake, akamwonyesha. Haya ni mawingu ya nyota, Bibi. Kila kidoa hapa ni kama jua letu. Na nyota nyingine tunaziona lakini zimeshakufa, mwanga wake ndio kwanza unafika.

"Zimekufa?" akauliza somo.

"Zimekufa zamani, Bibi."

"Na nani aliyeziosha?"

Mwanajuma akacheka mpaka akashika tumbo. Somo hakucheka. Usiku ule hakulala, na kesho yake aliuliza tena, kwa sauti ndogo: "Kwa hiyo hatujui zipi zipo na zipi hazipo?" Mwanajuma akasema hatujui, na tena vitu vyote vinazidi kwenda mbali, mbingu inazidi kupanuka. Mtoto wa watu alidhani anamfurahisha bibi yake. Nilimfinya, lakini lilishatoka. Somo alishika ncha ya leso yake akaanza kuipapasa pindo, akaizunguka yote, alipofika mwanzo akaizunguka tena.

Kisha Mungu akamletea mtoto wa jicho. Macho yote mawili.

Wengine huomboleza. Yeye nikaona tu amebadilika. Akawa ananyanyua uso njiani. Akawa anaimba. Siku moja nilimkuta amemwita fundi, anaezua makuti ya ule ua, vumbi la miaka linamwagika, naye amesimama chini yake anapiga makofi. Nikasema, somo, kuna nini? Akaniambia kwa furaha ya mtoto, "Imeshuka! Imekuja hapa!" Akanyoosha mkono juu ya kichwa chake kuonyesha. "Nikitazama yuu naona pamba. Nyeupe mchana, nyeusi usiku. Ina mwisho!"

Akalala uani kwa mara ya kwanza tangu dungu. Alikoroma, nami pembeni yake niko macho, natazama kwa niaba yake.

Furaha ile ilikuwa na gharama yake. Kofia hakuweza tena. Sindano iliingia kidoleni mpaka ikavunjikia ndani. Aliupa salamu mlimau akidhani ni mimi. Hayo tuliyacheka. Halafu akakosea ngazi, akaanguka, akalala wiki nzima na nyonga. Na Shali, mwanawe, akaja kutoka Amu uso umekunjamana. Alisema kuna madaktari wa macho wanakuja Amu, bure, na mama atakwenda, na hili si la kushauriana.

"Siendi," akasema somo.

"Mama, ni kitu kidogo. Mtu analala, anaamka anaona."

"Ndilo hilo."

"Unaogopa kisu?"

"Naogopa kisu mimi?" Akageuza uso wake kwangu, hakuniona sawasawa, lakini alinipata. "Mwambie."

Ningemwambiaje Shali, mtu wa masufuria, kwamba mama yake yuko radhi awe kipofu asiione mbingu? Nikasema, "Mama yako amechoka, mwache apumzike." Shali akatoka barazani, nikamsikia analia. Hapo nilijua hili si jambo la kuchezea. Akibaki hivi, ngazi itamuua. Akitibiwa, atarudishiwa kile kisima.

Kilichomwinua si maneno yetu. Mwanajuma, ambaye sasa ni mwalimu na ameolewa huko huko Amu, alijifungua nyumbani kwa wazazi wake. Habari ilipofika Siyu, somo akaniuliza, "Atafanana na nani?" Nikasema tutamwona. "Nyinyi mtamwona," akasema. Asubuhi yake nikamkuta amefunga furushi lake la nguo, amevaa buibui, amekaa mlangoni. "Nipeleke," akasema. "Lakini moja tu."

Sikumwelewa mpaka tulipofika mbele ya daktari. Kijana mpole, mwenye kutabasamu. Akamulika, akasema, "Bibi, yote mawili yameiva. Tutaanza na hili la kulia, kisha hili jingine."

"Hili la kulia. Basi."

"Na la kushoto?"

"Niachie. Lina kazi."

"Kazi gani, Bibi, na halioni?"

"Ndiyo kazi yake."

Daktari akanitazama mimi. Nikatazama viatu vyake. Wakabishana, Shali akaingilia, akasema mama ni mzee ana akili za kizee. Somo akamwambia, "Nyamaza wewe, jicho ni langu, sikuliazima kwako." Wakamfanyia la kulia.

Ndipo tukafika pale nilipoanzia, chumbani kwa Mwanajuma, madirisha yamefungwa, Mwende muuguzi ananawa mikono, Bi Zena anasukumasukuma apate pa kuonea. Bendeji ikatoka. Somo akapepesa. Akamtazama Shali, muda mrefu.

"Shali," akasema, "umezeeka."

Tukacheka wote, na Shali mwenyewe. Akanigeukia. Nikasema, "Somo..." Akasema, "Wewe usiseme kitu, nakuona." Bi Zena akasema, alhamdulillahi, mwenye macho haambiwi tazama. "Na mwenye akili haambiwi tazama yuu," akajibu somo, na hapana aliyeelewa ila mimi. Kisha akanyoosha mikono, Bi Fatuma akamwekea yule mtoto. Siku saba hazijatimia, hajapewa jina. Somo akamtazama kama anavyotazama kofia, kitundu kwa kitundu: masikio, kucha, nyusi. Akampapasa akamzunguka mwili wote. "Huyu ana mwisho," akasema. "Hapa anaanzia, hapa anakomea." Akambusu unyayo.

Baada ya hapo, tuliporudi Siyu, aliishi na macho yake kwa zamu. Mchana, na watu, alitumia la kulia, akashona tena, na akaona uchafu katika nyumba za watu wote, jambo lililomletea ugomvi. Jua likizama hulifunika la kulia kwa kiganja akatoka na la kushoto. Mimi ndiye niliyemshika mkono njiani. Watoto walimwiga, wakawa wanatembea wamefunika jicho moja nyuma yetu. "Waache," alisema. "Wanajifunza mapema."

Nilimwonea wivu. Mimi macho yangu ni mazima yote mawili.

Mara ya mwisho ninayotaka kuieleza, alinipigia kwa simu ya mjukuu wake. Miguu ilikuwa imevimba, chakula hakipiti. Akaniita niende kwake: "Ndoo. Kabla ya isha."

Nilimkuta uani, ule ua ulioezuliwa. Kiganja kiko juu ya jicho la kulia.

"Umekula?" akaniuliza, yeye mgonjwa.

"Nimekula."

"Basi nilaze. Hapa, chali."

Nikatandika, nikamlaza. Magharibi ilikuwa imekwisha, hapakuwa na mwezi wala wingu.

"Roho ya mtu ikitoka," akasema, "yapaa."

"Ndivyo tulivyosomeshwa."

"Yashika ndia ya huko yuu."

"Njia ya huko."

Nikasikia pumzi yake inakwenda mbio. "Wari wote niliowafunza," akasema, "sikumpeleka hata mmoja kwa mume bila kumwambia kilichoko nyuma ya mlango. Hata wewe nilikuambia. Mimi nani ataniambia? Sitaki kupita mahali sijapaona. Nataka nipaone na mtu."

"Somo, tungoje kesho."

"Hapana kesho, nimeshapata moyo, usiupoteze. Nishike."

Nikamshika kifundo cha mkono kwa mikono yangu yote miwili. Akaondoa kiganja.

Mwili wake wote ulikakamaa. Mdomo ukafunguka. Ile sauti sitaisahau, kama mtu aliyetiwa maji baridi: "Naenda! Naenda yuu!"

"Huendi. Nimekushika."

"Nitajie watu!"

"Watu gani?"

"Wowote! Waliokuwepo!"

"Waliokuwepo wapi, somo?"

"Siku nilipofunguliwa! Upesi, mwari wangu!"

Nikaanza. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo Shali mwanao, nyumba ni yake. Alikuwepo Bi Fatuma. Alikuwepo Mwanajuma, kitandani. Alikuwepo Bi Zena, hajaalikwa. Hapo akavuta pumzi kidogo, karibu acheke. Alikuwepo muuguzi Mwende, na mkoba wake. Kila jina nikilitaja, naona mkono unalegea, jicho liko wazi, linazunguka huku na huku, lina nyota ndani yake. Nikamaliza.

"Na mtoto," akasema.

"Nini?"

"Umemwacha mtoto. Alikuwepo."

"Hakuwa na jina siku ile, somo."

"Alikuwepo. Anza tena."

Nikaanza tena, nikamtia mtoto. Akasema anza tena. Tukaenda hivyo mpaka adhana ya isha, yeye anatazama juu na mimi natazama yeye. Mwisho akasema, taratibu, "Ni kubwa."

"Ni kubwa."

"Haina pindo. Nimetafuta." Akafunika jicho. "Mimi ninalo."

Ndipo aliponikataza jina. Alisema, "Ukisimulia habari zangu, na najua utasimulia, jina langu usilitaje. Nitalihitaji huko nikiulizwa. Mkiniitaita huku, nitageuka kutazama ni nani, nipotee ndia."

Hakufa usiku ule, kama watu wanavyopenda hadithi ziishe. Asubuhi alikunywa uji akamlaumu Shali, aliyekuja kumuuguza, kwa uhaba wa sukari. Alikwenda mwezi mwingine, mchana, pazia likiwa limeshuka, nami siko. Niliwahi kumwosha. La kushoto lilifumba upesi kwa kidole kimoja. Lile la kulia lilinisumbua. Nililifumba, likafunguka. Nikalifumba tena, nikalishikilia, nikamtajia watu.

Sasa usiku nikitoka uani mimi ndiye ninayeshika ukuta. Nasimama, nainua uso kidogo, nautaja ule mlolongo, narudi ndani, natoka tena. Wajukuu wanasema bibi ana nini hatulii. Nawaambia mbu.

Nimemwomba mjukuu wangu anisomee kwa sauti haya niliyoandika tangu mwanzo. Kumbe pale juu, nilipowataja waliokuwepo, mtoto nimemwacha tena. Kosa hilo sikulifuta, liache lilivyo. Lakini kama nimemwacha mmoja basi huenda nimemwacha na mwingine, na aliyekuwa akinirudi hayupo. Wewe unayesoma, kama wewe ni wa Siyu au wa Amu na ulikuwepo, au mama yako alikuwepo, hata kama ni nyuma ya pazia, usinionee haya kwa ajili ya uzee wangu. Niambie. Nitaanza tena.